Pua ya Bi Zeyana na Mpunga wa Cheju

"Nifungeni macho kwa kanga mbili, mniletee mchele wowote wa kisiwa hiki! Miye siuonji, naunusa tu, na ntakwambieni umelimwa bonde gani!"

Hayo aliyasema Bi Zeyana kwenye harusi ya Mardhiya, pale Malindi, baada ya kumpokonya mwimbaji maikrofoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Nani angembishia? Bi Zeyana ni mpishi wa shughuli. Mtaani hakuna aliyeoa, aliyefiwa wala aliyerudi Hija asipite kwenye masufuria yake. Ukimbishia, siku ya harusi ya mwanao utapikiwa na shemeji yako, na ukoko wake utausimulia mpaka uzeeni.

Tabu ya maikrofoni ya harusi ni kuwa haijui pazia. Upande wa wanaume alikaa Bwana Mahfoudh, mtafiti wa mpunga, mkono umo kwenye biriani. Maneno yakamfika.

Mahfoudh na wenzake walikuwa wamekusanya mbegu za kienyeji kutoka mabonde ya Unguja, wakazipanda kwenye shamba la kituo chao cha utafiti, halafu wakaziuguza kwa makusudi. Naam, kwa makusudi. Walichukua majani ya mpunga wenye kimyanga, ule ugonjwa unaogeuza shamba manjano na kuacha mashuke yamejaa mapepe yasiyo na punje, wakayaponda kwa maji, wakatia mchanga laini kidogo wa kukwaruzia, wakaupaka mpunga uliokuwa bado mdogo kwa vidole, jani kwa jani. Mpita njia angedhani wanampaka hina bi harusi. Kisha wakakaa kutazama nani atakufa. Mbegu nyingi zilijifia. Zilizosalia zikapimwa urefu, uzito, na zinavyowahi kukomaa. Kikabaki kipimo ambacho kituo hakikuwa na chombo chake: mdomo wa mla wali.

Wiki ileile Mahfoudh akapiga hodi Malindi.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, baba. Harusi ya nani?"

"Si harusi. Tunataka uje utuonjee mchele, wewe na wapishi wenzako."

Akakubali kabla chai ya mgeni haijapoa, na alikuwa na sababu. Bi Zeyana kazaliwa Cheju. Mjini aliletwa na ndoa ya mchukuzi wa bandarini, sasa marehemu. Mdogo wake, Mkadam, yuko kulekule Cheju, na bado analima Ulimi wa Njiwa, mpunga mwembamba wa bibi yao Mwanamkasi. Majirani wote washahamia mbegu za dukani. Ulimi wa Njiwa nao ulipakwa kimyanga kituoni. Ukageuka manjano, Mkadam akakosa usingizi, kisha ukajikongoja ukachanua. Sasa ukipata maksi za waonjaji, kituo kitauzalisha na kuugawa kwa wakulima. Ukikosa, utabaki ndani ya kikopo kwenye friji, na siku Mkadam atakapochoka na jembe, ndiyo basi tena.

"Dada, utaujua lakini?" Mkadam aliuliza kwenye simu.

"Mwehu we! Nimelelewa ndani ya mvuke wake, nisiujue?"

"Na ukiujua?"

"Ntaupa haki yake."

"Haki yake kiasi gani?"

"Mkadam, we lima."

Wapishi waliambiwa waje kama walivyo. Kwa bahati mbaya waliambiwa pia kutakuwa na mpiga picha. Basi nguo zikafukizwa udi, asumini zikapangwa nyweleni, marashi yakamwagwa mpaka kwenye mikoba. Bi Zeyana mwenyewe alijifukiza mara mbili, maana yeye ndiye mkuu wa msafara. Madirisha ya ukumbi wa kituo yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Ukiingia ungedhani mtu anaposwa.

Sahani zikaletwa, hazina majina, namba tu. Wali mweupe, mkavu.

"Huu umefiwa?" akauliza Bi Salhiya, mpishi mwenzake na mpinzani wake. "Hauna nazi, hauna chumvi! Mgonjwa wetu yuko wapi tumlishe?"

"Ndiyo utaratibu, mama," Mahfoudh akasema. "Tunataka mchele wenyewe useme."

Bi Zeyana akainamia sahani ya kwanza. Udi. Ya pili, udi. Ya tatu, asumini.

"Huu wa tatu unanukia, mashaallah!" Salhiya akasema.

"Unanukia wewe, Salhiya."

Bi Zeyana akarudia kunusa zote. Punje nyembamba zilikuwamo kwenye zaidi ya sahani moja, na ulimi peke yake ulikataa kuapa. Nje ya kioo, Mkadam alisimama barazani, kofia mkononi, akimtazama. Kubahatisha kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angejua. Ila akibahatisha vibaya, atampa mgeni taji na kumzika wa kwao kwa mkono wake mwenyewe.

Akaweka kalamu chini.

"Bwana Mahfoudh, futa maksi zote. Tumekuja na udi. Humu ndani hata ukipika kokoto zitanukia. Pua yangu leo siiamini."

"Ati nini?" Salhiya akaruka. "Si wewe uliyesema ufungwe macho?"

"Macho, shoga. Pua sikusema."

Wakacheka, naye akacheka, lakini uso ulikuwa umemshuka. Mahfoudh akajikuna kidevu. Mchele wa majaribio ulishapikwa wote, na mbegu za kwenye friji haziliwi. Kurudia kunawezekana tu wakulima wakileta mpunga wao.

Mkadam aliposikia akaivaa kofia yake, akaingia ndani. Nyumbani kwake hapakubaki mpunga ila wa kupanda masika hii, na mpunga ukishakobolewa hauoti.

"Dada, umenimaliza."

"Ulitaka nibahatishe?"

Akamgeukia Mahfoudh: "Mnataka kiasi gani?"

Walitaka karibu wote, naye akautoa.

Wapishi wakarudi wiki ya pili na kanga kuukuu, wameoga maji matupu, sura kama mayai yaliyomenywa. Madirisha wazi. Mpiga picha hakuitwa. Kwenye sahani ya nne Bi Zeyana aliinama, akakawia kuinuka. Aliandika kuwa kwa harufu ndio wa kwanza. Akaandika vilevile kuwa ukipoa unashikana, haufai kwa shughuli. Salhiya naye aliupa maksi kubwa, na laiti angejua ni wa nani angejikata mkono.

Ulimi wa Njiwa ukapita. Kituo kitauzalisha, na wakulima watapata mbegu mwakani, inshaallah, au mwaka wa baada yake.

Shamba la Mkadam lilikuwa lishalimwa na mawingu yashaanza kukusanyika. Bi Zeyana akafuatana naye mpaka Darajani, kwenye duka la pembejeo. Mbegu ya mpunga, kilo moja, ni shilingi elfu nne.