Babu Zake Kitwana

Maziwa ya ngamia yana harufu ya moshi, na harufu hiyo ikinifikia popote nilipo, narudi Garissa ya miaka ya vita vya shifta. Mama Dahabo, aliyetuuzia maziwa, alifukiza chombo chake cha kusukwa kwa vijinga vya moto, na kila asubuhi alikitua mlangoni petu kabla jua halijawa kali. Baba yangu, Mkamba wa Machakos, alikuwa mwalimu aliyehamishiwa huko. Wenyeji walituita watu wa Kenya, kana kwamba ng'ambo ya mto Tana ni nchi nyingine, nasi tuliwatazama kwa jicho la pembeni. Aliyetoka porini alishukiwa kuwalisha shifta, waasi waliopigana na serikali; aliyetoka bara alishukiwa ujasusi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa akisema, na alifunga dirisha la jikoni hata mchana wa joto lile.

Mimi nilikuwa na Kitwana. Baba alikuwa na riwaya mbili za mwandishi mmoja kuhusu Kitwana, mvushaji wa watu mtoni, na mkewe Rukia. Wasomali wa huko wakikutana huulizana habari kwanza, mengine baadaye, kwa hiyo Mama Dahabo alipotua maziwa aliniuliza, “Warran, hooyo?” Habari gani, mama, ndivyo wanavyowaita hata watoto. Kwa kuwa sikuwa na habari nyingine, nikampa za Kitwana. Alijua vizuri kwamba natoa kitabuni. Lakini siku ya kwanza alinikatiza. “Babake nani? Babu yake? Babu ya babu?” Kwao mtu asiye na babu zake bado hujamjua. Kitabu hakikusema, nami sikutaka Kitwana wangu adharauliwe, basi nikamwazima babu zangu: Nzioka, Kimeu, Mbithi. Aliyarudia majina yale mpaka yakamkaa, na tangu hapo Kitwana akawa mtu wa heshima.

Mwishoni mwa kitabu cha pili Kitwana alichukuliwa na mafuriko. Nililia, na Mama Dahabo akamwombea dua. Ndipo msafara wa malori kutoka Nairobi ulipoleta kitabu cha tatu, na humo, sura ya kwanza tu, Kitwana anabisha hodi kwake! Badala ya kufurahi niliudhika. Mwandishi amemwua mtu mbele ya macho yangu, sasa anataka nimkaribishe chai? Nilikisoma kitabu kile kama askari anavyokagua mizigo. Mbona hakuuliza jirani yake yuko wapi? Mbona mbwa alimbwekea? Mama Dahabo alinizidi. “Usimwamini,” alisema, kwa Kiswahili chake kilichogeuza kila p kuwa b. “Mtu nabotea miaka, halafu narudi? Alikuwa wabi? Nani alimba chakula? Rukia amuulize babu zake kwanza.”

Alipenda kuuliza kwa sauti kubwa, na asubuhi moja askari wa doria alikuwa akipita nyuma ya ua. Alisikia kwamba Kitwana amerudi, kwamba amelala kwa mkewe, kwamba asionekane na watu. Maskini Mama Dahabo alichukuliwa na chombo chake mkononi. Siku zile aliyechukuliwa hivyo hakuwa na hakika ya kurudi, na alikuwa na watoto wadogo nyumbani.

Baba alinishika mkono tukaenda kituoni na vitabu vyote vitatu. Sajini, mtu wa bara kama sisi, aliviangalia kwa shaka kubwa.

“Mwalimu, huyu Kitwana alikufa katika cha pili. Katika cha tatu anatafuta nini?”

“Ni hadithi, afande. Mwandishi amemrudisha.”

“Amemrudisha kwa nini?”

Mimi pia nilikuwa nimejiuliza swali hilohilo. Sajini akamgeukia Mama Dahabo, akamwamuru amtaje Kitwana kwa ukamilifu. Alisimama wima, akakariri bila kukwama: Kitwana wa Nzioka wa Kimeu wa Mbithi. Sajini alifunua kurasa, akafunua tena. “Majina haya hayamo humu. Mama huyu anamjua mtu wa kweli!”

Nilimwona baba akinigeukia polepole. “Afande,” alisema, “Nzioka ni baba yangu. Analima mahindi Machakos.”

Sajini akacheka hadi akavua kofia. Shifta mwenye babu Wakamba! Alimwachilia, lakini vitabu alivibakiza, kwa usalama.

Maziwa yaliendelea kuja kila asubuhi. Habari hazikuulizwa tena. Mama Dahabo alitua chombo, akapokea cha jana, akaenda, na ukimya ule uliniuma kuliko kelele za kituoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikumlaumu. Asubuhi ya kuhama kwetu tu, malori yakiwa yamewashwa, alitazama kulia na kushoto, akaninong'oneza, “Hooyo, yule alikuwa Kitwana kweli?” Sikujua. Kitabu kilibaki kituoni kabla sijafika mwisho.

Siku hizi wasomaji hushangilia mhusika wa zamani anaporudi, na wajukuu zangu huona ajabu ninavyomkunjia uso. Kitabu cha tatu nilikipata nikiwa mtu mzima, kwa muuza vitabu vikuukuu wa Nairobi, nikakisoma nimesimama. Alikuwa Kitwana kweli. Rukia alimtambua kwa kovu la mguuni, na hakumuuliza hata babu mmoja. Nilifunga kitabu nikiwa na habari mkononi, habari nzuri, na mtu pekee aliyewahi kuniuliza sikujua yuko wapi, wala kama yu hai.