Mwanamuke wa Nyota Mwenye Nilimupa Mutoto Wangu Jina Yake

Siku ile mu saloni ya mutoto wangu kule Nguba tulikuwa hawa: Nsimire, muzaliwa wangu wa kwanza, bwana yake Papa Espoir, mutu wa biro, binti yao Aline, na Maman Béatrice, mama ya kijana mwenye anataka kumuoa Aline. Huyo mukwe alikuwa anakanyaga mu nyumba ile mara ya kwanza. Na mimi koko ya Aline, mama ya mama yake, niliteremuka toka kwangu Bagira na kitenge yangu ya dimanche, ile ya misa.

Tulipomaliza bugali na samaki kidogo-kidogo za sambaza, Aline akawasha televizio. “Koko, ile filme yako ya watu wa nyota, wameitengeneza tena mupya!”

Ee ndugu musomaji, roho iliniruka. Mu utoto wangu, filme ile ilikuwa inaonyeshwa mu sale ya paroisse, ukumbi ya kanisa ya Bagira, misa ikiisha. Inje kulikuwa jua kali, basi giza tulikuwa tunajitengenezea: kila mutoto alikuwa analeta blanketi ya kwao kufunika madirisha, na ile ndiyo ilikuwa tiketi. Giza yetu ilikuwa inanuka moshi, mafuta ya mawese na mikojo ya watoto wachanga. Mama yangu Cibalonza hakukuwa anatoa blanketi bure. Lazima kwanza niteke maji, nitwange sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nafika vidole vingali kijani.

Filme ilikuwa inasema Kifaransa, na sisi tulijua “bonjour” tu. Basi Mwalimu Anicet alikuwa anasimama pembeni ya shuka nyeupe na fimbo yake, anatufasiria. Moteri ya courant, ya kuleta umeme, ilikuwa inanguruma inje, naye anapaza sauti kuipita. “Munaona huyu mwanamuke? Jina yake Nsimire. Nyota yao inaungua, wote wanakimbia, yeye anarudia mama yake! Nyota utapata ingine, mama hautapata!” Rafiki yangu Vumilia alikuwa analia mpaka makamasi. Nabintu, muuza mahindi ya kuchoma, alikuwa anapiga makelele toka nyuma: “Rudi, mutoto, rudi!”

Nilipozaa, nikamupa mutoto ile jina, na hadisi yake nikamufundisha kama katekisimu. Na siku masasi ya bunduki ilisikika mu muji, watu wote wakikimbia, yeye alipanda peke yake mpaka Bagira kunitafuta. Nilimugombeza sana. Akanijibu: “Maman, si ni wewe ulinipa jina?”

Sasa filme mupya ikaanza. Mwanamuke wa nyota akatokea, kichwa amenyoa, anaongoza vita, na mama hayuko. Nikavumilia, nikashindwa. Nikasimama mbele ya televizio.

“Zima! Wameiharibu! Mama yake iko wapi? Watu wa leo watauza hata mama ya mutu!”

Maman Béatrice akasema na adabu, “Maman, labda atakuja mbele kidogo.”

“Wewe unajua nini? Mimi niliiona haujazaliwa!” Nikamwambia mukwe vile, kidole mu uso yake.

Papa Espoir akataka kunitetea. Akatafuta ile ya zamani mu telefone, akaituma ku televizio. “Maman iko na haki. Muangalie wenyewe.”

Nikakaa mbele kama bibi arusi. Kila picha niliijua: ile chombo ya chuma, ule moto, ile sura. Na Maman Béatrice, mwenye Kifaransa ni chakula yake, akawa ananifasiria polepole, kama mutu anamushika mugonjwa mukono. Mwanamuke hakuitwa Nsimire. Mama hakuwa naye. Mu ule moto alirudia sanduku ya mawe ya bei, mawe yenye walikuwa wamechimba kule.

“Kumbe hata ku nyota kuko creuseurs, wachimba-mawe!” Papa Espoir akasema. Aline akacheka mpaka akaanguka ku kiti. Mukwe mwenyewe akajificha mudomo na mukono.

Haya ilinishika mpaka ku visigino. Lakini Nsimire hakucheka. Aliniangalia, akauliza chini-chini: “Maman, basi mimi niko na jina ya mutu mwenye alirudia mawe?”

Nikajifanya natafuta kiatu yangu. Hata mukwe sikumuomba pardon juu ya kile kidole. Mu taxi ya kurudi Bagira nilifunika uso na kitenge.

Ile sale leo ni depo ya simenti. Mwalimu Anicet alikufa, Vumilia naye. Leo kila mutu anaangalia filme yake peke yake, vitu mu masikio, na hakuna mwenye anasimama kusema, “Munaona huyu?” Mwalimu, labda moteri ilimuziba masikio. Labda alituona tulivyokuwa, akatupatia ile tulihitaji. Siwezi tena kumuuliza.

Basi nyinyi wenye mulikaa mu ile sale pamoja nami, kama jina ya mutu nimekosea, munikosoe. Na mukikumbuka Mwalimu alitaja mawe hata mara moja, na mimi sikusikia, muniambie hata kama itaniuma. Ile swali ya Nsimire iko inanichoma, na mutoto mwenye alinirudia mu masasi hawezi kubakia bila jibu.