Mikayi Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla ya kumsikiliza mteja yeyote, Robi Mirumbe alinakili maelezo ya mashine zote alizowahi kutengeneza kwenye disketi mbili. Moja aliitia katika kopo la majani chai, ya pili katika mfuko wa blauzi. Fundi huyu, mama wa Ntimaru, alianza kwa kutengeneza taipureta hapo Migori mjini. Kompyuta zilipofika, alizifungua kwa bisibisi ileile.

Siku moja ya mwaka 1998, Liz, mwalimu kijana kutoka Karungu, alisubiri Robi amalize hayo, kompyuta yake ndogo ikiwa mapajani, imefungwa kwa leso. Ndani yake mlikuwa na hadithi thelathini za marehemu nyanyake, kazi ya miaka miwili. Hazikuwa popote pengine.

“Haya, nyar Karungu,” Robi alisema, akimwita binti wa Karungu kwa Kijaluo. “Umeifanya nini?”

Liz alieleza akitazama viatu vyake. Chuoni aliwekewa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na hadithi zilikuwa humo. Jumamosi akaongeza Windows kwenye nafasi iliyobaki tupu, apate kuchapa mitihani ya shule. Tangu hapo, mashine ikiwashwa inafungua Windows tu.

“Na hukuogopa?”

“Nilidhani aliyetangulia haondolewi, Anti. Kwetu mikayi ni mikayi. Mke wa kwanza ana nyumba yake, aje nani.”

Robi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. “Kwa watu, sawa. Mashine haina adabu ya boma. Anayeingia mwisho ndiye hushika lango, na mwenzake hamtaji hata kwa jina.”

Liz alitaka kujua kama nyumba yenyewe ilibomolewa. Badala ya kuuliza akaifungua leso, akaiweka mashine mezani.

Robi aliingiza disketi ya kuwashia, akaandika mstari mmoja. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo, kisha yakatulia. Majina ya hadithi yalikuwepo, kuanzia ile ya kiboko aliyeposa. Liz akahesabu kimyakimya mpaka thelathini.

“Nyumba iko. Ni lango tu.” Robi aliandika mistari michache, akazima, akawasha. Safari hii mashine ilisimama, ikangoja kuambiwa iingie nyumba ipi.

Kisha akamsogezea Liz disketi mbili mpya. Liz alinakili hadithi kwenye ya kwanza, akaishika ya pili, akasita.

“Anti, kwa nini mbili?”

Robi alikuwa akifunga parafujo ya mwisho ya taipureta ya mteja mwingine.

“Kwa sababu zamani nilikuwa na moja.”