Namna Nyota Zinavyokua, na Mdogo Wetu wa Mwisho

Mwaka ule mdogo wetu wa mwisho alikuwa kama amegoma kukua. Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye ninayewalea wadogo zangu hapa Kasongo; wao huniita Yaya, yaani mkubwa wao. Shangazi yetu alikuja kutoka Lusangi, akamtazama mtoto, kisha akanigeukia.

"Wenzake wote wamemupita. Unamupa nini huyu? Muchele mupya ukivunwa nitarudi. Nikimukuta hivi hivi, ninaenda naye."

Sikutaka tutengane. Nikaanza kumwongezea mawese kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kila siku kijiko kilekile, na kila Jumapili tukitoka kanisani namsimamisha mlangoni na kuchora mstari kwa kaa. Mistari ilikaa palepale.

Siku moja nilikuwa napepeta mchele uani. Mdogo wangu anayesoma sekondari alikuwa na somo la kueleza darasani: namna nyota changa zinavyokua. Huwa ananijaribia mimi kwanza, kwa kuwa niliacha shule mapema. Aliuchukua ungo wangu, akaweka kokwa la chikichi katikati, akauzungusha.

"Yaya, ona. Kokwa ni nyota. Haya makapi ni sahani ya gesi na vumbi yenye inaizunguka. Nyota inakula humo."

"Kila siku kidogo kidogo?"

"Wataalamu walizania hivyo. Lakini ingekuwa hivyo, nyota changa zingewaka sana kuliko zenye tunaona. Kumbe wakati mwingi iko inakula kidogo sana, chakula kinarundikana kwenye sahani. Halafu rundo linaporomoka mara moja. Nyota inameza, inawaka vikali, pengine miaka mingi. Kisha inatulia tena."

"Na wakati imetulia, haiko mugonjwa?"

"Hapana. Ndiyo kukua kwake."

"Sawa. Sasa okota muchele wangu wenye umemwaga."

Najua mtoto si nyota. Hata hivyo niliacha kumpima. Mavuno yalipokaribia, akaanza kurudi jikoni na sahani tupu, anaomba tena, na tena. Niliweka kando hata kijiko cha kupimia mawese, nikampa mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Shangazi alirudi. Alimsimamisha mtoto ubavuni mwake.

"Ee! Juzi alikuwa ananifika kwenye kiuno!"

"Alikula, shangazi."

"Alimukula nani?"

Tulicheka wote. Kesho yake pikipiki ilikuja kumchukua shangazi, peke yake. Nyuma yake tulifunga gunia la mchele mpya, na mtoto akasaidia kukaza kamba.