Hewa ya Kuazima

Nakumbuka siku moja wakaguzi walipochelewa, mwanangu. Naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu akinisikia nikisema hivyo hununa, lakini ndivyo ilivyo. Juzi uliponipigia simu kutoka Shinyanga, ukaniambia kozi yenu mpya inasubiri ukaguzi na kwamba mmepanga kuazima kompyuta za duka la jirani kwa siku mbili ili wageni wazikute mezani, nilikukatia simu. Ulidhani mtandao umekata. Haukukata. Niliogopa. Sasa nimekufuata mpaka hapa, kaa nikueleze, na usinikatize kama ulivyozoea.

Wakati ule nilikuwa bado msichana, nafundisha kwenye chuo kidogo cha ufundi pale Katoro. Tulikuwa na ushonaji, uashi na uchomeleaji. Lakini Katoro unaijua, mji wa dhahabu ule. Kijana alimaliza uashi kwetu, akaweka mwiko chini, akaenda zake machimboni. Wengine walirudi na pikipiki. Wengine tuliwazika. Nikasema, kama kwenda ni lazima, basi waende wakijua wanachokifanya. Nikaanza kuandika mtaala wa uchimbaji salama.

Kuandika mtaala umekuonja mwenyewe. Unawaita wadau, unakaa na wachimbaji, wenye karasha za kusagia mawe na muuguzi wa zahanati, unawauliza kazi inaanzia wapi na inaishia wapi, kisha unaigawa moduli moduli. Unapeleka kwa mamlaka, unarudishiwa: saa za nadharia zimezidi za vitendo. Unarekebisha, unarudishiwa tena: umahiri huu hauonyeshi utapimwaje. Nilikonda mpaka mama akanivuta pembeni kuniuliza kama nina mimba. Mimba ya mtaala, labda! Hatimaye wakasema maandishi yanatosha, sasa wanakuja kuona kama chuo kina vifaa vya kufundishia. Bila vifaa, hakuna kozi.

Vifaa vingi tulivipata. Kofia tulikuwa nazo, kamba tulikuwa nazo, na matimba, yale magogo ya kushikiza kuta za duara, yaani shimo la wachimbaji, zisiporomoke, tulikuwa nayo. Tulichokosa ni blowa, mashine inayopuliza hewa kwenye bomba refu mpaka chini kabisa ya shimo, watu wapumue. Moduli nzima ya hewa ilisimama juu ya mashine ile. Mkuu wetu wa chuo, Mwalimu Bujiku, hakuona tatizo. "Nenda Rwamgasa kaazime," akaniambia. "Ni ya siku moja tu, wakishaondoka unarudisha. Vyuo vyote vinafanya hivyo."

Nikaenda alfajiri ya siku ya ukaguzi. Rwamgasa nilimjua msimamizi wa duara moja, Ramadhani, mtu wa Kigoma, mpole wa kusema. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mwenzake aliyekosa hewa chini, na mtaala wetu aliutaka kuliko hata mimi. Akakubali bila maneno mengi. Ila aliponisaidia kuipakia mashine alinishika bega. "Mwalimu, leo watu watapumzika. Lakini jioni iwe hapa, tafadhali. Tumeshaufikia mwamba wenye dhahabu, na vijana hawashikiki."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hilo neno nalichukia mpaka leo.

Tuliiosha ile blowa, tukaifuta, tukaiweka mbele ya darasa iking'aa. Wageni walitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita, wali wa wageni ukapoa, mpishi akaanza kununa. Alasiri ndipo simu ikaja: gari lao limeharibika njiani, watalala Ushirombo, tuwategemee kesho.

"Basi niirudishe blowa," nikamwambia Mwalimu Bujiku. "Kesho alfajiri nitaifuata."

"Na wakikunyima kesho? Na usafiri ukikosekana?" Alikuwa anatoka jasho, maskini, naye si mtu mbaya. "Jasho lote hili, Mwalimu, tulimwage kwa usiku mmoja? Blowa inalala hapa."

Nikampigia Ramadhani nimweleze. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikajiambia, si walisema watapumzika? Nikajiambia, wale ni watu wazima. Nikazipanga kofia upya, nikazipangua, nikazipanga tena, huku jicho liko dirishani linaangalia jua linavyoshuka. Nilijua. Usidanganyike na mtu anayekwambia hakujua. Nilijua kabisa kwamba kijana aliyeona dhahabu hasubiri.

Ndipo akaingia Mzee Luhende. Huyu alikuwa mjumbe wa bodi yetu, mwalimu mkuu mstaafu, Msukuma wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuja na pikapu yake kuwasalimu wageni, akakuta wageni hakuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mbona huachi kuangalia dirishani?"

Nikamwambia wageni wamekwama. Akaitikia kwa kichwa, akaizunguka ile mashine, akaiwekea kiganja.

"Hii ya nani?"

"Ya Rwamgasa, baba. Tumeiazima kwenye duara moja."

"Na wenyewe wanapumua nini?"

Mwalimu Bujiku akadakia kwamba watu wamepumzika, ni makubaliano, ni suala la usiku mmoja. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Kwenye mtaala wako umeandika nini juu ya hewa?"

Nilikuwa naujua kwa moyo. Nikamsomea kama mtoto wa darasa la kwanza: mwanafunzi aweze kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayeshuka duarani kabla hewa haijapulizwa.

"Vizuri. Na atakayemfundisha hayo ni nani? Ni wewe?"

Ee Mungu wangu! Afadhali angenichapa. Nikahisi uso unawaka, machozi yakanitoka mbele ya mkuu wangu wa kazi. Mzee akaendelea, bila kupandisha sauti. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nyinyi mmezidi. Mmemvua mwenzenu nguo, na bado hamjasitirika."

"Mzee, kozi itakufa," akasema Mwalimu Bujiku.

"Kozi haina mama wa kuililia. Shika huku tupakie."

Tukapakia. Njia ya kwenda Rwamgasa siku ile ilirefuka. Tulikutana na kundi la ng'ombe limejaa barabara nzima, na Mzee, mtu aliyewapenda ng'ombe kuliko pikapu yake, alipiga honi na kuwatukana kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele yako. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilielewa kwamba naye anaogopa. Nilikuwa napiga simu, napiga simu. Haipatikani.

Tulipofika, jua lilikuwa bado halijazama. Niliona watu wamezunguka duara, nikafungua mlango kabla pikapu haijasimama. Watu wa machimbo hawazunguki duara bure.

Vijana walisubiri blowa mpaka wakachoka. Ramadhani alipoondoka kwenda kutafuta mahali penye mtandao ili anipigie mimi, mmoja wao, Shija, na mwenzake wakashuka. Kuangalia tu, walisema, mara moja tu. Yule mwenzake alikuwa amevutwa juu, amekaa chini anatapika. Shija hakuwa anajibu kamba ilipotikiswa. Ramadhani alikuwa amerudi, amejifunga kamba kiunoni anataka kumfuata, wenzake wanne wamemng'ang'ania asishuke, maana akishuka bila hewa watakuwa wawili.

Aliponiona hakuniuliza kitu. "Leteni bomba!" akapiga kelele. Bomba likashushwa, jenereta la kuendesha blowa likavutwa kamba liwake. Halikuwaka. Likavutwa tena, likakohoa, likazima. Nilipiga magoti kwenye ule udongo na gauni langu la kupokelea wageni, nikaomba maombi ambayo hayakuwa na mpangilio wowote. Likawaka. Tukasubiri hewa ishuke, na kusubiri kule, mwanangu, sikutakii. Kisha Ramadhani akashuka. Kisha kamba ikatikisika, wanaume wakavuta.

Shija alikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa anapumua. Tukampakia kwenye pikapu ileile iliyoleta blowa, tukamkimbiza kituo cha afya, akawekewa oksijeni. Mkewe aliletwa na bodaboda, mtoto mgongoni, kanga imemvuka begani. Walikuwa wamemwambia njiani kwamba kuna mwalimu wa Katoro aliyeleta blowa, ndiyo maana mumewe yu hai. Akanijia mbio, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti.

"Wabeja, mayu. Wabeja sana. Asante kwa kutuletea hewa."

Nilimtazama Mzee Luhende anisaidie. Alikuwa anaangalia sakafu. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angenisuta. Lakini mficha uchi hazai, na nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwinua yule mama, nikamwambia, "Usinishukuru, dada. Mimi ndiye niliyeichukua."

Hakunielewa mara moja. Nikarudia, nikamweleza kwa nini. Hakunitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauachia mkono wangu, akaenda kukaa kwa mumewe, akanipa mgongo.

Wakaguzi walifika asubuhi yake, watu wa heshima, wamechoka na vumbi. Walikagua kila kitu, wakasifu matimba, wakafika kwenye moduli ya hewa. "Blowa iko wapi?" Mwalimu Bujiku alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema. Nikasema hatuna. Nikasema iliyokuwepo jana ilikuwa ya watu, na imerudi kwa watu. Wakaandika. Kozi haikupita.

Nilisemwa, usione hivi. Wazazi waliokuwa wakisubiri kozi walisema nimewaangusha kwa kujifanya mtakatifu. Mwalimu Bujiku alinisalimia kwa kichwa tu mpaka mvua zikaja. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ramadhani na wasimamizi wenzake wakachanga, bodi ikaongeza, tukanunua blowa yetu wenyewe, iliyochakaa kidogo lakini yetu. Tukaomba upya, kozi ikapita. Shija alipona, ila kichwa hakikuacha kumuuma, na machimboni hakurudi. Mkewe tulikuwa tukikutana sokoni. Ananisalimia vizuri, ananipimia michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anajaza kopo. Hajawahi tena kunishika mkono.

Sasa nakuona unavyokunja uso. Utaniambia, mama, kompyuta si blowa, haiui mtu. Sawa. Na mimi nilisema wale ni watu wazima. Je, umemuuliza huyo mwenye duka siku hizo mbili kompyuta zake zina kazi gani? Mimi nimeuliza, kwa sababu usingizi umenikataa. Ni siku za mwisho za kujaza maombi ya mikopo ya vyuo. Kuna vijana watatoka vijijini kwa nauli ya kuku aliyeuzwa, watakuta meza tupu, watarudi nyumbani. Hawatakufa. Watakosa mwaka, na hawatajua ni nani aliyewakosesha, na wewe utapita mbele yao na kozi yako iliyopitishwa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukwambia. Mtaala ni ahadi. Ukiuandika, wa kwanza kuushika ni wewe, kabla ya mwanafunzi hata mmoja kuketi. Chuo kikikosa kitu, kiseme hakina. Kozi ikikataliwa utaiandika upya, nami nitakuja kukupikia uji ukiwa unaandika. Na kabla hujaazima cha mtu, uliza yeye atabaki na nini. Swali hilo nilifundishwa siku moja, na aliyelilipia ni mtu mwingine.

Nenda leo ukamwambie mkuu wako. Utatetemeka, tetemeka tu, hakuna aliyekwambia utakuwa jasiri. Mungu akutie nguvu ya kusema "hatuna" mbele ya wakubwa. Akupe kozi yako kwa wakati wake, akupe na wanafunzi wengi, na siku mama zao watakapokushika mkono, akujalie usiwe na sababu ya kuuondoa.