Matawi Mabichi Kupita Nyololo

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Mimi shule niliishia darasa la pili, gari nililinunua kwa viazi nilivyolima kwa mikono hii, na sina haja ya kumtungia mtu uongo. Haya yalinipata mwenyewe, miaka ya sabini, lami ya kwenda Iringa ikiwa bado ngeni.

Mke wangu alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga akampapasa tumbo, akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Hapa mtawapoteza wote wawili. Iringa, leo." Nikampakia kwenye pikapu yangu kuukuu, tukaondoka Makambako. Ilikuwa Jumapili, na nyakati zile Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea ili kubana mafuta. Barabara tupu. Polisi nao, nikasema, watanikuta hospitali.

Sasa sikia lile gari. Ukienda polepole, halina neno. Ukilikanyaga likimbie, linakohoa, linarukaruka kama mbuzi, linazimika. Unangoja, linawaka. Unakanyaga, linazimika tena. Nilisafisha plagi, nikafungua kabureta, nikapuliza. Wapi! Mke wangu kang'ata kanga, ananiambia, "Mwanao anakufa humu, wewe unachezea vyuma."

Kupita Nyololo kidogo tukaingia kwenye ukungu. Unaujua ukungu wa Mufindi? Huoni hata boneti yako. Kwa haraka yangu nikakanyaga, likazimika. Nikashuka, na mbele yangu nikakuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, kama tunavyofanya madereva gari likiharibika, ili wenzetu wasitugonge. Nikafurahi mjinga mimi. Nikajua kuna dereva mwenzangu. Nikaita.

Akatoka mtu mwenye koti refu la mvua.

"Kamwene," nikamsalimu. Nikamuuliza gari lake liko wapi. Akanionyesha bondeni kwa kidevu.

"Mafuta yanafika kidogo," akasema. "Kwa polepole yanatosha, kwa mbio hayatoshi. Uchafu uko kwenye tangi, wewe unahangaika huku mbele."

Mimi mtu hanifundishi gari langu. Siku ile nilimpa spana mwenyewe. Akaingia chini, akafungua bomba la mafuta, akaweka mdomo, akapuliza mpaka tangi likabubujika. Alipotoka ndipo nikaona. Baridi ile, mimi nahema, moshi unatoka mdomoni. Mke wangu analia, moshi unatoka. Yeye anahema pale mbele yangu, hakuna kitu.

Nikamuuliza anataka nini.

"Mtoto akiwa wa kiume, apewe jina langu." Akalitaja.

Kwetu mtoto hurithishwa jina la marehemu, lakini marehemu wa ukoo, si mtu wa kuokota barabarani. Wewe ungejibuje, mkeo analia ndani ya gari? Nikasema, "Haya."

Gari likakimbia mpaka Iringa, halikukohoa tena.

Mtoto akatoka wa kiume, kimya. Niko mlangoni, nasikia wauguzi wanampiga makofi, kimya. Mke wangu akaita kwa sauti iliyokatika, "Mpe jina!" Nikataja la baba yangu mzazi. Kimya. Nikataja lile lingine.

Akalia.

Yuko hai. Ana gereji Mlandege, pale Iringa mjini, wanamsifu kwa magari yanayokata mafuta: anaweka mdomo kwenye bomba, anapuliza, limepona. Mtoto mwema, ananitunza. Lakini asubuhi za Julai tukisimama uani, wote tunatoa moshi mdomoni, mpaka ng'ombe. Yeye hatoi. Marehemu mama yake alikuwa hamtazami asubuhi za baridi.

Na pale kupita Nyololo hapiti peke yake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, hata hakuinua kichwa, "Baba, si gari langu bado liko kule bondeni?"

Niamini, habari ya bondeni sijawahi kumsimulia.

Kwa hiyo wewe unayepita njia ile, ukikuta matawi mabichi na gari huoni, funga mdomo wako. Usiite mtu. Rudi kwenye gari lako bovu, weka gia ya pili, nenda polepole.