Nilivyofundisha Vita vya Biashara Kajiado

Siku yangu ya kwanza kufundisha historia Kajiado, mwalimu mkuu alinipokea kwa chai na onyo. "Madam, hapa usiwasomee kitabu. Watalala." Mkaguzi wa shule alitarajiwa muhula huo huo, na bila sahihi yake singethibitishwa kazini. Ningerudi Kitengela kumsaidia mama dukani.

Mkaguzi alikuja siku ya somo nililolipenda: jinsi madola makubwa yalivyotumia vita kufungua biashara. Nyinyi walimu wa siku hizi mko na projekta. Mimi nilikuwa na chaki na mdomo. Nikachora meli. Nikaeleza kwamba anatangulia mfanyabiashara na vitambaa vyake. Unafuata mkataba, yaani makubaliano ambayo mwenyeji anatia kidole bila kuyasoma. Akikataa masharti, zinakuja bunduki, eti kulinda biashara. Bendera inakuja mwisho.

Saitoti, kijana wa Loitokitok mwenye maneno mengi, akainua mkono. "Mwalimu, babu yangu anasema Mungu alitupatia Wamaasai ng'ombe wote wa dunia. Sasa wazee wakienda kuchukua wale wa jirani, hiyo haikuwa vita. Walikuwa wanarudisha mali nyumbani."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akaacha kuandika, uso mkavu. Jamani, nikajua kazi imeenda. Ningemnyamazisha Saitoti, lakini hoja yake ilikuwa tamu mno. Nikasema, "Haya. Na jirani alisemaje?"

Halima, ambaye baba yake aliuza mbuzi sokoni, akajibu kutoka nyuma. "Jirani hakuulizwa, Mwalimu. Hata wale wa meli hawakuuliza. Kila mtu alikuja akisema anachukua haki yake."

"Wee Halima! Babu yangu hakuwa na meli!"

Mkaguzi akasimama. "Kijana, huyo babu yako angefaa kuwa waziri wa mambo ya nje." Akacheka mpaka akavua miwani. Nje akaniambia, "Nakuthibitisha, Madam. Lakini hiyo meli yako inafanana na sufuria."

Baadaye nilihamishwa Ngong, nikawa mkuu wa idara, nikastaafu. Sasa nafuga kuku Kitengela. Taarifa ya habari ikisema taifa fulani limetuma manowari kulinda njia za biashara, wajukuu wangu husogea karibu, kwa maana wanajua nyanya ataanza kubishana na televisheni. Na kweli hubishana, kwa furaha kabisa. Katika kazi ya kuuliza jirani alisemaje nilithibitishwa siku ile, na barua ya kunistaafisha sijaiona.